Nani alisema muziki si wa lazima?

Humu kambini kuna vitu ambavyo mtu akinunua hakuna anayeuliza. Nunua sabuni, hakuna neno. Nunua chumvi, dagaa, daftari la mtoto, kitenge cha mke, watu watakupita tu. Lakini nunua mashine ya muziki, hata ile ndogo inayoingia mfukoni, halafu jioni uiwashe mbele ya nyumba, utasikia. "Huyu naye pesa katoa wapi?" "Kumbe wenzetu wanashiba." "Ndiyo maana watoto wake wamekonda vile." Nimekulia hapa Nyarugusu, kazi yangu ni kukaa na vijana, na maneno haya nimeyasikia miaka yote. Sasa nataka tuyageuze tuyaangalie upande wa ndani. Je, ni vibaya mtu anayeishi kwa mgao kununua kitu cha kumfurahisha? Na kama ni vibaya, ubaya wenyewe umekaa wapi?

Kwanza nieleze mashine yenyewe, maana ndugu zetu wa mashirika wanaosoma humu huenda wanafikiria simu kubwa za kugusa. Hapana. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni redio ya memori: kisanduku cha plastiki chenye spika moja, antena, tundu la memori kadi na tundu la flashi. Nyingi zinatumia betri ya BL-5C, ile ya Nokia za zamani, na hiyo ndiyo akili yake kubwa, kwa sababu betri ikifa huhitaji fundi, unatafuta tu mtu mwenye Nokia iliyovunjika kioo. Ya pili ni DVD ya kukunja. Hii ina kioo chake, inafunguka kama kitabu, inasoma sahani, flashi na kadi, na ukiwa na sola ndogo juu ya paa unaweza kuonyesha picha nyumbani bila jenereta. Bei yake ni ya kutosha kumfanya mtu afikirie mara mbili, hata ikiwa imeshatumika.

Ukienda kununua, usikubali kuonyeshwa ikiwa imechomekwa kwenye chaja. Ichomoe. Iache iimbe kwa betri yake yenyewe robo saa nzima huku mnapiga stori. Muuzaji akianza kuwa na haraka, ujue. Na kadi pia: ziko zilizoandikwa GB 32 na ndani yake ni GB 2. Siku ya kwanza inakubali kila kitu, siku ya tatu nyimbo zinagoma kufunguka. Wimbo wa dakika nne unakula kama MB 4, kwa hiyo hata kadi ndogo ya GB 4, mradi ni ya kweli, inabeba nyimbo karibu elfu moja. Nyimbo elfu moja ndani ya kitu kidogo kama ukucha! Hayo ni mambo ya MP3, ambayo Wajerumani waliihangaikia miaka mingi mpaka mwaka 1995 faili zake zikapata hilo jina. Sidhani waliwaza kwamba kuna siku mtu atavuka Ziwa Tanganyika usiku, hana begi, hana sufuria, lakini ana harusi yake nzima imefungwa kwenye pindo la kitenge.

Basi, tuje kwenye kesi, maana bila kesi tutaongea hewani.

Kijana mmoja wa kikundi chetu, miaka 22, alinunua DVD ya kukunja. Anaishi na mama yake mjane na wadogo zake wanne. Pesa zilitoka sehemu mbili: vibarua vyake vya kubeba mizigo, na unga. Kwa migao miwili alikuwa anachota kidogo kidogo, unga na mafuta, anauza, anaweka. Hakumwambia mtu. Mara ya pili unga uliisha siku tisa kabla ya mgao. Mashine ilipoonekana, mama akajua. Akaenda kwa kiongozi wa kijiji, wakaitwa wazee, na mimi nikaitwa kwa sababu kijana ni wangu, yaani wa kikundi.

Mama hakupiga kelele. Alisema: "Miye sikatale miziki. Hata miye niliolewa na miziki. Lakini unga iliisha, nikaanza kutega panya."

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Kijana naye akajibu, tena kwa heshima: "Mama, tuko batu. Hatuko mbuzi ya kukula na kulala tu."

Mimi naona wote wawili walisema kweli, na ndiyo sababu kesi ilichukua mchana mzima.

Tuanze na unga. Kuna wazee pale walisema kijana alichukua fungu lake tu. Wako sita kwenye kadi, mgao unahesabiwa kwa vichwa, kwa hiyo sehemu moja ya sita ni yake, aitupe, aiuze, shauri yake. Hesabu hiyo ni nzuri kwenye kituo cha kugawia chakula. Nyumbani haifanyi kazi. Nyumbani sufuria ni moja. Hakuna mtu anayejua huu ni ugali wa nani mpaka uko mdomoni. Mdogo wa miaka saba anakula zaidi siku aliyocheza sana, mama anakula kidogo siku ambayo hakitoshi na kusema ameshiba. Vichwa vikishaingia mlangoni, hesabu ya vichwa inakufa. Kwa hiyo aliyechota unga bila kusema hakuchota fungu lake, alichota kwenye sufuria ya watu sita, na aliacha mama yake anawasingizia panya. Hapo hana utetezi.

Lakini angalia: ubaya huo hauna uhusiano na muziki. Angenunua viatu kwa njia ile ile, ingekuwa vile vile. Angenunua hata kitabu cha sala. Tena hebu tufanye jaribio. Chukua kijana huyo huyo, ondoa unga wote, sema mashine imetoka kwenye vibarua vyake peke yake, jasho lake, senti kwa senti. Je, maneno ya majirani yangeisha? Yasingeisha. Ninawajua vijana wawili waliofanya hivyo hasa, na walisemwa sana. Basi kumbe tatizo la watu si unga. Unga ni fimbo tu ya kumpigia mtu. Tatizo ni kwamba mkimbizi ameonekana anafurahi.

Kwa nini furaha yake inachoma hivyo? Nimesikia sababu tatu, na si za kudharau.

Ya kwanza ni njaa. Wanaojua mambo ya chakula wamepiga hesabu kwamba mtu anahitaji kilokalori 2,100 kwa siku, na mgao kamili unapangwa kwa kipimo hicho. Mwaka 2023 fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wetu ulishuka mpaka nusu. Nusu ya chakula, mwezi mzima, halafu jirani yako anafungulia rumba. Naelewa kwa nini inauma. Ila tusijifanye hatujui jinsi mgao unavyoishi. Hata zile siku za mgao kamili, unga ulikuwa unauzwa. Unauzwa upate pesa ya kusaga, ya chumvi, ya nyanya mbili, ya kalamu, ya dawa ambayo kituoni imeisha. Mtu hawezi kuishi kwa unga na maharage peke yake hata kama kipimo kimetimia, na kila mama humu ndani anajua hivyo bila kusoma kokote. Kwa hiyo swali halijawahi kuwa kama ni sawa kubadilisha unga kuwa kitu kingine. Swali ni kitu gani kingine, na nani anayepanga orodha. Chumvi ndiyo. Sabuni ndiyo. Kalamu ndiyo. Muziki? Hapo ghafla kila mtu amekuwa hakimu.

Mtu ataniambia: chumvi inaingia mwilini. Sawa, kalamu je? Inaingia wapi? Tunakubali kalamu kwa sababu tunaamini mtoto ni zaidi ya tumbo. Tukishakubali hivyo mara moja, tumeshafungua mlango, na sioni kwa nini tuufunge kabla ya wimbo kupita. Hata Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo tunabandikiwa ukutani kila Desemba, kifungu cha 25 kinataja chakula, lakini cha 24 kinataja mapumziko na cha 27 kinasema kila mtu ana haki ya kufurahia sanaa na kushiriki utamaduni wa jamii yake. Hakijaandikwa "akishashiba". Sitaki kuegemea sana kwenye karatasi lakini, maana haki haichaji betri.

Sababu ya pili ni msiba. "Nyumbani watu wanakufa, ninyi mnacheza." Hii ndiyo nzito zaidi kwangu, na mzee aliyeisema siku ile alikuwa amefiwa. Mwanzoni mwa 2025 Goma ilianguka, kisha Bukavu, na humu hakuna nyumba isiyokuwa na mtu upande ule. Lakini nakumbuka usiku wa siku zile pia. Simu zilikuwa hazipatikani. Watu walikaa mlangoni kwa wenye redio, wamejifunika mablanketi, wanasubiri taarifa ya habari. Redio zile zile, zenye memori na flashi, ambazo wiki moja kabla zilikuwa anasa. Baada ya habari mwenye redio moja alitia kadi, akaweka nyimbo za kwaya, za Fizi, sauti za watu ambao baadhi yao hatujui kama wako hai. Hakuna aliyesema zima. Na tangu lini sisi tumelia bila kuimba? Matanga ya kwetu ni nyimbo mpaka alfajiri. Mtu asiyeimba matangani ndiye anayetazamwa vibaya.

Ya tatu ni ugeni. Kuna baba alisema, "Mgeni hapigi ngoma kwenye nyumba ya wenyewe." Anaheshimika, sikumjibu pale, nitamjibu hapa kwa adabu. Waswahili wana methali mbili za mgeni. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha yake mwaka 2021, ilifika nchi hii mikononi mwa wageni. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akapiga gitaa na kuimba Kiswahili mpaka Watanzania wakamwita Dokta, na alipofariki mwaka 2010 alilazwa katika ardhi hii. Mwenyeji alipona kweli. Methali ya pili inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambi hii ipo tangu 1996. Jembe bado tunalisubiri. Kama mtu haruhusiwi kulima wala kutoka bila kibali, mkono wake utashika kitu gani kutwa nzima? Acha ashike hata redio.

Hapa nataka kuzungumza na ninyi ndugu zetu wa mashirika. Nawasema kwa upendo, tunafanya kazi pamoja. Mnapenda mashine hizi zikiwa na "ujumbe". Tukiandika maombi ya mradi, tunajua: usiandike muziki, andika uhamasishaji. Usiandike sinema, andika elimu kwa njia ya picha. Kaseti ya kunawa mikono, sawa. Masomo ya Kiingereza kwa wanaosubiri safari, sawa. Na ni kweli mashine hizi zinafundisha. Namjua dada aliyejifunza kuhesabu pesa za kigeni na kusalimia kwa Kiingereza kwenye redio ya memori akiwa anapepeta maharage. Lakini mimi sitaki kuitetea mashine kwa njia hiyo. Nikiitetea hivyo nitakuwa nimekubali kwamba furaha ya mkimbizi ni halali pale tu inapozaa ripoti. Ninyi mkishuka kwenye gari jioni mnavaa hedifoni, zile ambazo sisi Wakongo tunaziita ekuteri, na hakuna anayewauliza wimbo huo una lengo gani na umewafikia walengwa wangapi.

Kuna jambo baya zaidi la kutazamwa. Wakisikia kuna wageni wanapita nyumba kwa nyumba wakiandika nani ana hali ngumu, watu wanaficha. Mashine inaingia chini ya kitanda, sola inashushwa juu ya paa. Nyumba moja walizika redio kwenye gunia la majani ya maharage, mvua ikanyesha, ikafa. Wanaogopa kwamba kikionekana kitu kinachong'aa wataandikwa kwamba wana uwezo. Sijui kama kweli mtu amewahi kufutwa kwa ajili ya redio, na si hoja. Hoja ni kwamba watoto wanajifunza kwa wazazi wao kwamba umaskini ni kitu cha kupangilia kabla ya mgeni kuingia, kama kufagia. Redio ya elfu kumi na tano haimwondoi mtu kwenye njaa. Inamwambia tu anayeingia kwamba humu ndani wanaishi watu.

Mpaka hapo nimekuwa wakili wa mashine. Sasa nihamie upande wa pili, maana kuna mahali mimi na wenzangu wa rika langu tunajidanganya.

Kampuni ya Sony ilipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, iliitengeneza na matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja. Hata waliobuni mashine ya kumfungia mtu ndani ya masikio yake waliona aibu kidogo kumwacha peke yake. Hapa kwetu hatuhitaji tundu la pili, tunagawana: sikio lako la kulia, langu la kushoto, waya unatufunga kama mbuzi wawili sokoni. Mwenye DVD ya kukunja hawezi kabisa kuangalia peke yake. Akiifungua tu, mlango umejaa watoto. Na hapo ndipo inapoanza biashara. Shilingi mia kwa mtoto. Asiye na mia analeta kikombe cha unga. Unaona jinsi kitu kinavyojirudia? Kijana aliyechota unga wa mama yake sasa anapokea unga uliochotwa kwa mama za watu wengine. Nilimuuliza swali hilo mbele ya wazee na hakuwa na jibu la haraka.

Kuna waliosema biashara ni biashara, mbona vibanda vya video viko kila mji, Kasulu, Kigoma, Uvira. Ndiyo viko. Lakini mtoto wa Kasulu akiiba mia ya mama yake, mama atakasirika. Mtoto wa hapa akiiba kikombe cha unga, watu sita watalala na uji mwepesi. Kitendo ni kile kile, uzito wake si ule ule. Nafikiri anayeuza kitu kwa watu wenye njaa ana deni la kuuliza malipo yametoka wapi, deni ambalo muuzaji wa mjini hana. Mtu akisema simlazimishi mtu kuja, nitamwambia kioo kinachowaka kwenye giza ambalo halina taa nyingine ni nusu ya kulazimisha.

Halafu picha zenyewe. Filamu za kutafsiriwa, zile za DJ Mack na wenzake, mimi ni mpenzi wake mkubwa, sitawadanganya. Mtafsiri mzuri anaweza kuchukua picha mbovu ya Kihindi akaifanya iwe ya nyumbani kwenu. Lakini zinaoneshwa usiku, kwa sababu mchana mwanga unaua kioo. Usiku maana yake mtoto wa miaka tisa anaangalia watu wanachinjwa, na pembeni yake yuko mtoto mwingine wa miaka tisa ambaye alishaona watu wakichinjwa bila kioo. Nimemwona mmoja akitoka nje katikati ya picha, akasimama ukutani, hakulia, alisimama tu. Mwenye mashine alikuwa anahesabu mia zake. Na usiku maana yake msichana anarudi nyumbani saa tatu peke yake kupitia njia za vyoo. Kila mtu anayeishi hapa anajua ninachosema, sihitaji kueleza.

Kwa hiyo nikiulizwa mashine ya muziki ni haki au si haki, najibu kwamba kuinunua ni haki yako kama hukuitoa kwenye sufuria ya watu bila kusema. Kuiwasha ni jambo la majirani wote, kwa sababu kuta zetu ni za udongo na turubai na sauti haina kadi ya mgao, inaingia kila nyumba. Kumtoza mtoto ni jambo jingine kabisa, na hapo siko tayari kumtetea mtu.

Wazee waliamua hivi. Thamani ya unga irudishwe, kwa miezi mitatu, kutoka kwenye vibarua. Mashine isiuzwe. Kulikuwa na wazo la kuiuza ili deni liishe siku ile ile, na aliyelikataa ni mama mwenyewe, alisema kitu kikishaingia nyumbani kwa machozi kisitoke tena kwa machozi. Watoto wasilipe. Watu wazima wakitaka kulipa, walipe kwa pesa, si kwa chakula. Mwisho saa mbili usiku. Jumapili mchana mashine ni ya mama, na yeye ana kadi yake moja yenye video ya kwaya aliyokuwa anaimba Baraka, ameikata sehemu ya mwanzo kwa sababu marehemu mume wake anaonekana pale na hataki wadogo waione bado. Sheria ya saa mbili imevunjwa mara kadhaa. Nyingine zinashikika.

Jambo ambalo hatukulimaliza ni la wanamuziki. Kuingiziwa nyimbo kumi kwenye kadi unalipa mwenye kompyuta, mwenye wimbo hapati kitu. Fally Ipupa hatalala njaa kwa sababu yetu. Lakini yuko rapa wa hapa hapa kambini ambaye wimbo wake uko kwenye kadi karibu zote za zoni yetu, na yeye mwenyewe hana redio ya kuusikiliza. Nilimuuliza kama anaona ameibiwa. Akasema anaona amejulikana, kisha akaniomba elfu moja ya vocha.

Na kuna jingine ambalo lililetwa baada ya kikao, na msichana wa miaka 17, tukiwa tunapanga viti. Alisema: "Yaya, kesi yote ile mlikuwa mnauliza kama kijana anaweza kununua. Mbona hakuna aliyeuliza kwa nini sisi wasichana hatuna hata moja?" Nikafikiria nyumba ninazozijua. Ni kweli. Redio ni za baba na za kaka. Msichana anasikiliza akiwa anaosha vyombo, wimbo aliouchagua mtu mwingine, na mwenye mashine akitoka, muziki unatoka naye. Vibarua vya kubeba mizigo wanapewa wavulana. Msichana akionekana na kitu kipya, swali si "katoa wapi pesa", swali ni "nani kampa", na jibu watu wameshajipa wenyewe.

Yeye na wenzake wawili wameanza kuchanga. Wanasuka nywele, wanaweka kwa mmoja wao, wanaandika kwenye daftari kila kiasi na kimetoka kwa nani, ili siku ya kuulizwa karatasi iwepo. Wanataka redio ya memori ya pamoja, itazunguka, wiki moja kila nyumba. Wamefikia nusu ya bei. Wawili kati yao nyumbani kwao bado hawajasema.